Sangara Hakuja Mwenyewe

Kaskazini magharibi mwa Uganda, Mto Nile hubanwa kwenye ufa wa miamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha hutupwa chini zaidi ya mita 40 kwa kishindo. Hayo ndiyo Maporomoko ya Kabalega, ambayo Waingereza waliyaita Murchison. Chini yake, kuelekea Ziwa Albert, sangara wamekuwapo tangu enzi na enzi. Juu yake, kuelekea Kyoga na Victoria, hapakuwa na sangara hata mmoja. Samaki huyo anayeweza kufikia kilo 200 na urefu wa karibu mita 2 alikuwa akifika chini ya maporomoko na safari yake kuishia hapo.

Leo hii sangara ndiye anayelisha viwanda vya Mwanza, Kisumu na Entebbe. Wakenya humwita mbuta, Waganda mputa, na kijana aliyezaliwa Ukerewe au Rusinga hamhesabu kuwa mgeni. Basi alipitaje? Jibu fupi ni kwamba alipanda gari. Jibu refu linaanza nusu karne kabla ya safari hiyo, na mwanzoni halimhusu sangara hata kidogo. Linahusu reli, uzi wa kitani na samaki mwingine aitwaye ngege.

1901–1933: Reli yafika, ngege apungua

Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Hadi wakati huo watu wa pande zote za ziwa walivua kwa migono, ndoana, mikuki na makokoro ya mafunjo yaliyovutwa na kundi zima la watu. Kilichopatikana kililiwa jirani, au kilianikwa juani na kubadilishwa kwa mtama na mbuzi. Reli ilileta walaji ambao hawakuwa wameonekana pwani ya ziwa: vibarua, askari, makarani, na mji wa Nairobi uliokuwa ukikua kwa kasi.

Mwaka 1905 nyavu za makila zilizofumwa kwa uzi wa kitani zilianza kutegwa katika Ghuba ya Winam, wakati huo ikiitwa Kavirondo. Zilikuwa rahisi mno kutumia. Mvuvi alitega jioni, akalala, akaopoa alfajiri. Ngege, samaki wa jamii ya perege mwenye nyama nyeupe tamu, ndiye aliyelengwa, na katika miaka ya mwanzo wavu mmoja uliweza kutoa samaki 50 hadi 100 kwa usiku mmoja. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 wavu wa aina ile ile katika ghuba ile ile ulikuwa ukitoa chini ya 10.

Serikali ya kikoloni ilimwita mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, ambaye alizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake iliyotoka mwaka 1929 ilipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5 ili ngege wapate nafasi ya kuzaa kabla ya kunaswa, na sheria ya namna hiyo ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lakini ndani ya ripoti hiyo mlikuwa na jambo jingine ambalo wasomaji wake hawakulipa uzito wakati huo. Graham aligusia wazo la kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingineko, akaonya kwamba kufanya hivyo bila utafiti mpana kwanza kungekuwa hatari kubwa kupita kiasi.

Onyo hilo lilitolewa katika zama ambazo kuhamisha viumbe kulionekana ni sehemu ya kawaida ya kazi ya utawala. Huko Zanzibar, kunguru kutoka India walikuwa wameletwa katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alipandikiza samaki aina ya trauti kutoka Uskoti katika mito ya milima ya Aberdare, kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa ndoana. Mwaka 1929 samaki wa Marekani aina ya besi waliwekwa Naivasha. Mito na maziwa yalitazamwa kama mashamba yaliyokosa mbegu bora.

1947–1960: Tiba ya kwanza

Baada ya Vita Kuu ya Pili uvuvi ulipata ofisi zake. Mwaka 1947 huduma ya pamoja ya uvuvi wa ziwa ilianzishwa, na mjini Jinja kikajengwa kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki. Wakati huohuo nyavu za nailoni ziliingia sokoni: nyepesi, hazionekani majini, hazioshwi na kuanikwa kila siku kama za kitani. Ngege hakuwa na pa kujificha. Wavuvi walianza kupunguza matundu kinyume cha sheria, na katikati ya miaka ya 1950 watawala wa Tanganyika na Uganda wakaacha kuipigania kanuni ya inchi 5.

Badala ya kumrudisha ngege, iliamuliwa aletewe wenzake. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 aina nne za perege kutoka maziwa mengine ziliwekwa ndani ya Victoria. Mmoja alichaguliwa kwa kuwa hula majani ya kwenye maji, chakula ambacho ngege hakigusi. Mwingine alikuwa sato, mkubwa na mzaaji, anayekula karibu kila kitu. Hesabu ya kwenye karatasi ilikuwa safi: chakula kilichokuwa kinapotea kingegeuzwa kuwa samaki.

Sato alifanikiwa kuliko walivyotarajia. Alimsonga ngege katika mazalia, akazaana naye na kupata machotara, na hatimaye akashika nafasi yake. Anayenunua sato wa kukaanga Mwanza leo ananunua uzao wa samaki wale wa kupandikizwa. Ngege wa asili amebaki katika maziwa madogo ya pembeni yaliyokingwa na mafunjo, kama Kanyaboli katika kaunti ya Siaya. Amebaki pia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye bonde la Mto Pangani, mamia ya kilomita kutoka kwao. Huko naye ni mgeni, kwa kuwa alipandikizwa.

1954–1963: Ndoo ya Jinja

Baada ya perege, macho yaligeukia furu. Hawa ni samaki wadogo, wengi wao wakiwa na urefu wa kidole au kiganja, na walikuwa wamejaa ziwani kuliko samaki wengine wote. Wanasayansi wanakadiria kwamba kulikuwa na aina zaidi ya 500, karibu zote zisizopatikana mahali pengine duniani. Wapo waliokula mwani uliokwama kwenye miamba, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, waliokula wadudu, waliokula samaki wenzao, na hata waliowanyang'anya mama wa jamii nyingine mayai na vifaranga waliokuwa wamewahifadhi mdomoni. Yote hayo katika ziwa ambalo wanajiolojia wanasema lilikauka kabisa, au karibu kabisa, miaka 15,000 hivi iliyopita.

Maofisa wa uvuvi hawakuona hazina hapo. Waliona miiba. Furu alikuwa mdogo, bei yake ya chini, na kumvua kwa nyavu zilizokuwepo kulikuwa kazi isiyolipa. Wazo likazaliwa upya: mlete mlaji mkubwa, awale furu, awageuze kuwa mnofu unaouzika na kusafirishika. Sangara wa Ziwa Albert alikuwa karibu, tena alikuwa kipenzi cha wazungu wavuvi wa ndoana, jambo ambalo halikuandikwa sana kwenye barua rasmi lakini lilisaidia.

Katika kituo cha Jinja wapo waliopinga kwa hoja nzito. Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki wa maziwa ya Afrika, aliandika mwaka 1960 kwamba anayekula samaki hawezi kuzalisha nyama nyingi kuliko wale aliowala. Sehemu kubwa ya chakula hupotea kila kinapopanda ngazi kutoka mdomo hadi mdomo. Hoja nyingine ilihusu uzazi. Furu jike hutaga mayai machache tu, kisha huyabeba mdomoni, bila kula, mpaka vifaranga waweze kuogelea. Sangara jike hutaga mamilioni na kuyaacha yaelee. Mwaka 1961 A. M. Anderson alijibu akitetea upandikizaji.

Lakini mjadala huo ulikuwa umepitwa na wakati kabla wino haujakauka. Mei 1960 sangara tayari alikuwa amevuliwa upande wa Uganda. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba huenda walipenya wenyewe, au waliponyoka kutoka mabwawa ya samaki. Mwaka 2005 mwanaikolojia Robert Pringle alichapisha uchunguzi kuhusu asili yao, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya mtumishi wa zamani wa idara ya wanyama na uvuvi ya Uganda, aliyeeleza kwamba mwaka 1954 yeye mwenyewe, kwa maagizo ya wakubwa wake, alisafirisha sangara hai kutoka Ziwa Albert na kuwamwaga majini pale Jinja. Mwaka huohuo bwawa la Owen Falls, jirani na hapo, lilikuwa limefunguliwa kwa sherehe na Malkia Elizabeth. Hapakuwa na sherehe ya sangara.

Yaliyofuata yalikuwa ya kufunika tu. Kwa kuwa samaki alishaingia, iliamuliwa aingizwe rasmi. Mwaka 1962 na 1963 sangara wachache walimwagwa Entebbe na Kisumu, safari hii kwa kumbukumbu za ofisini. Jumla yao ilikuwa mamia tu. Tanganyika, yenye sehemu kubwa kuliko zote ya ziwa, ilikuja kumpokea sangara kwa njia ya maji, bila kumpandikiza.

1963–1979: Kimya

Kisha hakikutokea kitu. Mwaka ukapita, ukafuata mwingine. Mvuvi mmoja mmoja alipata sangara, watu wakashangaa ukubwa wake, wakaendelea na shughuli zao. Wanaofuatilia viumbe vamizi wanalijua pengo hili: mgeni huchukua miaka, pengine miongo, akijenga idadi kabla ya kuonekana, na katika muda huo kila mtu huamini kwamba waliotoa maonyo walitia chumvi.

Kati ya mwaka 1969 na 1971 meli ya utafiti ilikokota nyavu karibu ziwa zima. Matokeo yalionyesha kwamba furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote walionaswa. Serikali ya Tanzania iliona fursa, na katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo kilianzishwa Mwanza. Mwaka 1977 timu ya wanabiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, iliweka kambi mjini humo kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza.

Kazi yao ilikuwa ya kuchosha macho. Walimpima kila samaki, wakahesabu meno, wakapasua matumbo kuona alikula nini, wakaandika rangi za madume kabla hazijafifia, maana furu akifa rangi huondoka ndani ya dakika chache. Dume mmoja mwenye mgongo mwekundu wa kuwaka na mistari myeusi ubavuni alipewa jina la Rais wa wakati huo, na katika vitabu vya sayansi leo anaitwa Pundamilia nyererei. Jina hilo lilichapishwa mwaka 1985. Kufikia mwaka huo watafiti walikuwa tayari wanashuhudia jambo ambalo hawakulijia Mwanza.

1980–1990: Nyavu zapanda na samaki mmoja

Mlipuko wa sangara ulianzia Ghuba ya Winam mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaonekana Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ukafika Ghuba ya Mwanza kati ya mwaka 1983 na 1986. Wavu wa utafiti ambao awali ulipanda ukiwa na furu wa aina nyingi zisizohesabika kwa haraka, sasa ulipanda na sangara watupu, pamoja na dagaa na kamba wadogo wa maji baridi. Katika maji ya kina ya ghuba furu walikuwa wametoweka. Frans Witte na wenzake wa timu ya Leiden walikadiria kwamba aina 200 hivi zilipotea ndani ya muongo mmoja. Wanasayansi wengi huutaja mkasa huu kuwa miongoni mwa matukio makubwa kabisa ya kutoweka kwa wanyama wenye uti wa mgongo katika karne ya 20.

Baada ya kuwamaliza furu, sangara hakufa njaa kama baadhi ya watu walivyotabiri. Aligeukia dagaa, kamba wadogo na watoto wake mwenyewe. Dagaa, wenye maisha mafupi na uzazi wa haraka, walistahimili na hata kuongezeka, kwa kuwa furu waliogombania nao chakula hawakuwepo tena.

Hata hivyo si haki kumbebesha sangara dhambi zote za ziwa. Matope yaliyochimbuliwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka miongo mingi kabla ya mlipuko wake, kadiri misitu ilivyofyekwa, mashamba yalivyotanuka na miji ilivyomwaga maji taka. Mwani ukizidi, maji hutanda ukungu wa kijani. Ukioza chini, hewa ya oksijeni huisha. Hapo ndipo rangi za furu zinapoingia. Jike humchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen, mtafiti aliyefanya kazi katika visiwa vya Mwanza, alionyesha mwaka 1997 kwamba penye maji meupe dume mwekundu na dume wa buluu hubaki jamii mbili tofauti, lakini penye maji machafu jike haoni vizuri, huchanganya, na jamii mbili huyeyuka zikawa moja. Kwa hiyo wapo furu waliotoweka bila kuliwa na mtu wala samaki.

Minofu na mapanki

Mwanzoni watu hawakumtaka sangara. Alikuwa mkubwa kuliko sufuria na mkubwa kuliko tenga la mchuuzi. Mafuta yake mengi yalimfanya asikauke juani kama ngege na furu. Ilibidi abanikwe juu ya moto, na kuni za kumbanikia zikakatwa kwenye vilima na visiwa vya karibu. Lakini wingi wake ulikuwa wa kutisha. Samaki waliokuwa wakivuliwa ziwa zima, tani 100,000 hivi kwa mwaka katika miaka ya 1970, walifikia karibu tani 500,000 kufikia mwaka 1990.

Wenye mitaji wakaja. Viwanda vya kukata minofu vilianza Kenya katika miaka ya 1980, vikafuata Uganda, kisha Mwanza, Musoma na Bukoba katika miaka ya 1990, hadi vikazidi 30 kuzunguka ziwa. Uvuvi ukahama mikononi mwa mwenye mtumbwi mmoja, ukaenda kwa tajiri mwenye injini na nyavu mia. Mialo iliyokuwa na vibanda vichache ikageuka miji ya mabati, na wavuvi wakahamahama kisiwa hadi kisiwa wakifuata samaki. Mnofu ulipanda ndege kwenda Ulaya. Yaliyobaki kiwandani, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, yalipewa jina la mapanki, yakakaangwa na kuuzwa kwa wasiomudu bei ya samaki mzima.

Umoja wa Ulaya ulifunga mlango mara kadhaa: kwa hofu ya kipindupindu mwishoni mwa mwaka 1997, na tena mwaka 1999 baada ya kugundulika kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga sumu majini ili kuvua. Kila mara viwanda vilipunguza wafanyakazi na bei ya mwaloni ikaanguka. Mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare iliipeleka Mwanza kwenye majumba ya sinema ya dunia, ikiunganisha sangara, umaskini na ndege za mizigo zilizodaiwa kubeba silaha. Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006, na watu wa Mwanza wakaandamana kuipinga. Sehemu ya hasira hiyo ilieleweka: ekolojia ilimwona sangara kama mharibifu, lakini maelfu ya nyumba za bati na karo za shule kuzunguka ziwa zilikuwa zimetoka kwake.

1989–1998: Ua la zambarau

Wakati wote wakimtazama sangara, mgeni mwingine alikuwa njiani. Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, katika bonde la Amazon. Lina maua ya zambarau yenye doa la njano, na kwa uzuri huo watu wa bustani walilibeba duniani kote. Lilifika Misri kabla ya karne ya 19 kuisha. Mwaka 1952 lilionekana Mto Kongo, miaka michache baadaye likawa Pangani na katika Nile ya Sudan.

Linavyosafiri ndiyo siri yake. Vikonyo vya majani vimevimba na kujaa hewa, kwa hiyo mmea huelea bila kushika ardhi. Kila mmea hutoa vitawi pembeni, kila kitawi kinakuwa mmea, na kipande kilichokatika kwa kasia au wimbi kinaanza koloni lake. Penye joto na mbolea ya kutosha, eneo lake huongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Mbegu huzama kwenye tope na kungoja hadi miaka 20.

Safari hii hakuna idara iliyolialika. Mwaka 1988 lilikuwa Ziwa Kyoga, mwaka 1989 Victoria upande wa Uganda, na kufikia mwaka 1990 Tanzania na Kenya pia. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, ulikuwa ukiteremsha mikeka ya magugu kila siku. Ziwa yalilolikuta lilikuwa limesheheni virutubisho kutoka mashambani na mifereji ya miji.

Mwaka 1998 ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Picha za setilaiti zilionyesha hekta zaidi ya 17,000 za magugu katika Ghuba ya Winam peke yake. Upepo ndio uliokuwa bosi wa bandari ya Kisumu: asubuhi maji meupe, mchana meli zimezingirwa na uwanja wa kijani. Wavuvi walionaswa katikati ya mikeka walilala humo, wakisukuma kwa miti mpaka mikono ikachubuka. Kinamama waliofuata maji walipasua njia wakihofia nyoka, na konokono wanaobeba kichocho wakapata pa kushikilia kwenye mizizi. Huko Jinja, magugu yaliziba njia ya maji ya mitambo ya umeme. Waliofaidika walikuwa kambare na kamongo, wanaostahimili maji yasiyo na hewa. Walianza kuvuliwa kwa wingi uliokuwa umesahaulika.

1995–2007: Fukusi

Watu walijaribu kuyang'oa kwa mikono, kisha kwa mashine. Mashine ilisafisha hekta moja wakati mbili zinaota. Sumu za magugu zilipendekezwa na kukataliwa, kwani mamilioni ya watu hunywa maji hayohayo. Likabaki pendekezo ambalo kwa wenye kumbukumbu lilipandisha baridi mgongoni: kuleta kiumbe kingine.

Walioletwa ni fukusi wa aina mbili wa jamii ya Neochetina, kutoka kwao gugu lenyewe. Ni wadogo, milimita 5 hivi, wenye rangi ya vumbi. Mchana hujificha katikati ya mmea, usiku hutoka kula, wakiacha kwenye jani alama ndogo za kukwanguliwa. Madhara makubwa hufanywa na watoto wao. Jike hutaga ndani ya kikonyo. Buu likianguliwa huchimba handaki kuelekea moyo wa mmea, maji huingia, kikonyo huoza, na gugu lililokuwa likielea huzama.

Tofauti na sangara iko katika miaka iliyotangulia kufunguliwa kwa boksi. Fukusi hao walijaribiwa Amerika na Australia kwa mimea mingi ya aina nyingine, wakionekana kushindwa kumaliza kizazi pasipo gugu maji, na walikuwa wameshatumika Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lile sharti la Graham la mwaka 1929 lilikuwa limetekelezwa, ila kwa mdudu. Uganda iliwaachia Ziwa Kyoga mwaka 1993 na Victoria mwaka 1995. Tanzania na Kenya zikafuata. Karibu na Kisumu, kituo cha kilimo cha Kibos kiliwazalisha kwenye matangi, na vikundi vya wavuvi vikafundishwa kuwafuga kwenye beseni na kuwapeleka kwa mitumbwi.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya magugu ilikuwa imeondoka. Wataalamu bado wanabishana ni nani apewe sifa: fukusi peke yao, au mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilizokuja na mawingu na mawimbi yaliyopasua mikeka iliyokwisha kudhoofishwa. Pengine wote wawili. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006 zilisukuma virutubisho vipya ziwani, mbegu zikaamka, na mwaka 2007 Ghuba ya Winam ikawa kijani tena. Tangu hapo magugu huja na kuondoka kwa vipindi.

2013 hadi leo: Mgeni apewa ulinzi

Mwaka 2013 Uganda ilibaini gugu jingine la kuelea, la Kariba, lenye asili ya Brazil, katika Ziwa Kyoga. Baadaye likaonekana pia Victoria. Lakini vichwa vya habari vya muongo huo vilikuwa vya sangara. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anapungua. Wakubwa walishavuliwa, wavuvi wakafuata wadogo kwa nyavu za matundu madogo, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mabondo yake, vile vifuko vya hewa vilivyowahi kutupwa, yalipata soko China na kupanda bei kuliko mnofu.

Katika nafasi iliyoachwa, baadhi ya furu wamerudi. Si wale waliopotea wote, na waliorudi hawako sawasawa na waliochorwa na timu ya Leiden. Wapo ambao matamvua yao yametanuka ili yakabiliane na maji yenye oksijeni haba.

Mataifa matatu yalichagua kumlinda sangara. Sheria zinakataza kumvua akiwa chini ya sentimita 50. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi ziwani kukamata nyavu haramu, na mwaka 2018 Tanzania ikaendesha Operesheni Sangara, iliyopita mialoni ikitoza faini na kuchoma nyavu mbele ya wenyewe. Walioguswa walilalamika kupigwa na kufilisiwa. Wakubwa wa uvuvi walijibu kwa takwimu za samaki kuongezeka.

Kando ya doria hizo, vizimba vinaelea sasa kutoka Homa Bay hadi Mwanza, na serikali zinavitolea mikopo ili vijana wafuge badala ya kuvua. Anayefugwa humo ni sato, uzao wa wale walioletwa miaka ya 1950. Miongoni mwa viambato vya chakula chake ni dagaa, na sehemu kubwa ya dagaa wanaokaushwa mialoni tayari huishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo na kuku. Kinamama wanaowanunua kwa ndoo ili wakauze kwenye magulio hushindana bei na malori ya viwanda hivyo.